Belethor Hana Hela
Hotuba kuhusu kutafuta na kutumia septim katika Skyrim

Mwenyekiti, kaka na dada zangu, wazazi mliokubali kuja kukaa nasi leo, na wadogo zangu mlioketi chini kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya fedha. Nikaomba ruhusa nizungumze juu ya fedha za ndani ya gemu, nikakubaliwa, nashukuru. Kazi yangu ya mchana ni kuandika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi: saruji imeingia mifuko mingapi, misumari imetoka kilo ngapi, nani kakopa na lini atalipa. Usiku, watoto wakishalala, nacheza Skyrim. Naicheza kwa miaka mingi sasa, na nawaambia kwa moyo mweupe kwamba kazi hizi mbili zimefundishana.

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha njiani. Shikamoo aliitoa mbiombio, alikuwa na jambo. "Dada, mkoba umejaa, mtu wangu anatembea kama kobe, nimefika dukani na Belethor mwenye duka hana hela. Nifanyeje?" Nikamwambia njoo Jumamosi, nitakujibu mbele ya watu. Yupo, namwona pale karibu na mlango. Basi yote nitakayosema leo ni jibu la swali lake hilo.

Kwa wazazi ambao hamuijui, Skyrim ni gemu iliyotolewa na Bethesda tarehe 11 Novemba 2011. Unamchagua mtu wako, sura na kabila, halafu unajikuta umefungwa mikono juu ya mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa katika mji unaoitwa Helgen. Joka linashuka, mji unawaka moto, unatoroka. Ukitokea upande wa pili wa pango huna nyumba, huna ndugu, huna kazi. Nchi yote iko mbele yako, milima ya theluji, mito, miji yenye masoko, na sarafu ya huko inaitwa septim. Njia zipo nyingi na hakuna anayekulazimisha ushike ipi. Kijana aliyeketi mbele ya gemu hii anaamua mwenyewe, saa baada ya saa, abebe nini, auze nini, anunue nini. Ndiyo maana sikuona vibaya kulileta jambo hili mbele yenu wazazi.

Sasa tumrudie mwenzetu. Swali lake lilikuwa na mambo mawili ndani yake, na watu wengi hulisikia moja tu. Wanasikia "hela". Mimi nilisikia "mkoba umejaa" na "Belethor hana". Mali anayo. Imemlemea mgongoni. Anachokosa ni nafasi ya kuibeba na mtu wa kumlipa. Katika Skyrim utajiri hukwama kwenye milango hiyo miwili, na kila septim unayoitumia kwa akili ni ile inayoupanua mmoja wapo.

Tuanze na mkoba. Mwanzoni uwezo wako wa kubeba ni 300. Ukivuka hapo hukimbii tena, unakokota miguu. Sarafu hazina uzito hata kidogo, beba laki ukitaka. Vitu ndivyo vyenye uzito. Mgeni akiua jambazi wake wa kwanza humvua kila kitu, dirii, viatu, kofia, shoka, hadi mfuko wa unga wa chumvi ulioko mezani. Nilifanya hivyo hivyo. Nilitoka kwenye kaburi la kale la Bleak Falls nikiwa nakokota madirii mpaka kijiji cha Riverwood, mlima mzima, usiku, mbwa mwitu wananifuata na siwezi kukimbia. Nilipofika na kuuza nilipata fedha ambayo haikutosha hata kununua upanga mmoja wa maana.

Usiku ule ndipo nilipofungua daftari. Nimekuja nalo, hili hapa. Ukurasa wa kwanza, kwa penseli, una mistari mitatu. Wa kwanza unasema dirii ya chuma, thamani 125, uzito 30. Wa pili, mfupa wa joka, thamani 500, uzito 15. Wa tatu, pete ya dhahabu, thamani 75, uzito robo. Pembeni nikagawanya thamani kwa uzito, kama ninavyofanya dukani nikitaka kujua bidhaa ipi inakula stoo bila kulipa. Dirii ikatoa 4 na kidogo. Mfupa ukatoa 33. Pete ikatoa 300.

Hebu mzitazame tarakimu hizo. Dirii 10 zinaujaza mkoba wote wa 300, na thamani yake ni 1,250. Pete 40 zina uzito wa 10 tu, na thamani yake ni 3,000. Aliyebeba pete anakimbia, anapigana, anaingia pango la pili na la tatu kabla hajarudi mjini. Aliyebeba dirii anarudi mjini baada ya kila pango. Baada ya wiki moja ya huko, wa kwanza kaingia mapango kumi na wa pili kaingia matatu, na wote wamecheza saa zile zile.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi tunaisoma kama ni habari ya wizi wa karani. Mimi naiona hapa pia. Hakuna aliyeniibia kwenye mlima ule. Mali ilipotea kwa sababu sikuwa nimeiandika. Tangu hapo sheria yangu ni nyepesi: nagawanya thamani kwa uzito, na kitu kinachotoa chini ya 10 nakiacha kilipo, hata kama kinang'aa. Vito, pete, mikufu, dawa, vitu vilivyotiwa uchawi, hivyo naokota macho yamefumba. Mwanzoni inauma kuacha upanga sakafuni. Baada ya siku mbili tatu huoni tena.

Na ukipata msaidizi, kama Lydia anayekabidhiwa kwako baada ya kuutumikia mji wa Whiterun na kupewa cheo cha Thane, huyo naye ana mgongo. Mgawie mzigo.

Mlango wa pili ni mnunuzi, na tuanze na bei yake. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo wengi wanapolia kwamba gemu inawaonea. Kila mtu wa Skyrim ana ustadi unaoitwa Usemi. Wengi huanza na 15. Ukiwa na 15 na hujaweka chochote juu yake, kitu chenye thamani ya 100 utauziwa kwa 310 hivi. Kitu hicho hicho ukikigeuza ukimuuzia mwenye duka, atakupa 32. Nunua leo, uza kesho, na kati ya kila septim 10 ulizotoa imekurudia 1. Pengo hilo ni kubwa kuliko la duka lolote ninalolijua mimi hapa duniani, na linakufundisha jambo kabla hujaambiwa na mtu: usinunue silaha dukani ukiwa mgeni. Upanga utaupata pangoni kesho, bure. Dirii vilevile. Kijana mmoja hapa aliniambia aliweka akiba siku nne akanunua upinde wa kioo, kisha akaokota mwingine kama huo kwenye sanduku la pili aliloingia kulifungua. Nilimhurumia kweli, kwa kuwa siku nne ni nyingi.

Usemi hupanda kila unapofanya biashara. Ukifika 100 unauziwa kwa 200 na kununuliwa kwa 50, bila kuhesabu pointi za ziada. Pointi hizo unapata moja kila ukipanda levo. Ipo ya kupatana bei, inayokupa nafuu ya asilimia 10 kwa hatua ya kwanza na kufika asilimia 30 kwa hatua ya tano. Watu huzitupa zote kwenye upanga na uchawi. Siwalaumu, joka linatisha. Lakini moja tu kwenye kupatana bei mapema itakurudia katika kila kitu utakachouza mpaka mwisho wa gemu.

Na sasa Belethor mwenyewe. Belethor ana duka la vitu mchanganyiko katika mji wa Whiterun, na anaanza na septim 750 hivi za mtaji. Zikiisha, zimeisha. Hata ukimbembeleza, hana. Arcadia muuza dawa, mlango wake uko sokoni hapo hapo, ana kama 500. Adrianne mhunzi, karibu na lango kuu, ana kama 1,000. Wenye nyumba za wageni wana 100 tu, wasikupotezee muda. Mtaji wao hurudi baada ya saa 48 za huko, na gemu inakuruhusu kusubiri saa 24 kwa mara moja, kwa hiyo subira mbili.

Wengi wakigundua hili hukaa mlangoni kwa Belethor wakibonyeza subira, uza, subira, uza. Inafanya kazi. Lakini mnajua mfanyabiashara wa mazao anavyofanya akifika mjini na gunia lake, hakai kwa mnunuzi mmoja. Anazunguka. Mzunguko wangu wa Whiterun huanza langoni: kwa Adrianne nauza silaha na ngozi, napanda sokoni, kwa Arcadia nauza dawa, kwa Belethor namalizia vito na mabaki. Hiyo ni 2,250 kwa safari moja ya mji ambao unavukwa kwa dakika mbili. Nikiwa bado nina silaha, napanda mpaka kwa mhunzi mwingine, Eorlund, kwenye tanuru la Skyforge, naye ana mtaji wake. Mhunzi hanunui dawa, na muuza dawa hanunui shoka, mpaka Usemi wako ufike 50 na uchukue pointi ya Mfanyabiashara. Ukishaichukua kila mtu ananunua kila kitu. Mimi huihesabu hiyo kuwa pointi bora kuliko zote za biashara, kwa kuwa inageuza maduka manne kuwa maduka manne ya kitu kile kile ulichonacho.

Halafu kuna hili, na ndilo hasa jibu nililomwahidi mdogo wangu. Mwenye duka akiishiwa fedha, bado ana bidhaa. Nunua kwake kitu unachokihitaji kweli, kisha fedha uliyomlipa inakuwa mtaji wake, umuuzie tena. Mfano: una dawa za kuuza zenye bei ya 800 kwa Arcadia. Ana 500. Unauza za 500, amebaki mtupu. Unamnunulia mitishamba ya 300, sasa ana 300 mkononi, unamuuzia dawa zilizobaki. Umetoka na fedha 500 na mitishamba ya 300 ya kupikia dawa nyingine. Hukupoteza muda, hukusubiri siku mbili. Ni kubadilishana mali kwa mali, kama watu wa pwani walivyobadilishana nguo na nafaka na mikoko kabla ya noti kuingia mifukoni. Ila mwangalie kitu kimoja: nunua unachokitumia. Ukinunua ilimradi tu kumjaza hela, umerudi kwenye lile pengo la 310 na 32 na umejiumiza mwenyewe.

Sasa fedha inatoka wapi?

Kwa aliyetoroka Helgen jana na hana hata senti, kuna kibarua. Riverwood wana kiwanda cha mbao. Okota shoka la kuni, nenda kwenye gogo, pasua. Kila ukianza unapata kuni 6, na kila kuni inalipwa 5. Septim 30 kwa nusu dakika, hakuna anayekupiga. Wakulima nao hununua kabichi, viazi na ngano unayowavunia mashambani mwao. Wapo wanaoona haya kupasua kuni wakati wenzao wanaua majoka. Mimi siku yangu ya kwanza katika kila mchezo mpya naipitisha pale kwenye gogo, napata nauli na hela ya kulala.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote, na mniruhusu nikae hapo kidogo, ni ile ya pete. Kaskazini mwa Whiterun kuna kambi ya majambazi inaitwa Halted Stream. Ndani yake kuna mgodi wa chuma, na ndani ya mgodi kuna kitabu cha uchawi wa kugeuza madini. Ukishakisoma, jiwe la chuma linageuka kuwa la fedha, na la fedha linageuka kuwa la dhahabu. Jiwe la chuma thamani yake ni 2. La dhahabu ni 50.

Hesabu inakwenda hivi. Mawe mawili ya chuma, thamani 4. Unayageuza mara mbili kila moja, jumla mara nne, unapata mawe mawili ya dhahabu. Unayapeleka kwenye tanuru, linatoka mkuo mmoja wa dhahabu. Mkuo mmoja unafua pete mbili. Pete mbili ni 150. Kutoka 4 mpaka 150, na hukumwaga damu ya mtu baada ya wale majambazi wa mlangoni.

Inachosha, sitawaficha. Uchawi ule unakula nguvu za uchawi 88, na mgeni ana 100 tu, kwa hiyo unageuza jiwe moja, unasubiri saa moja, unageuza jingine. Ili kumaliza mtaji wote wa Belethor kwa pete, ukiwa na Usemi wa 15, unahitaji pete 31 hivi. Pete 31 ni mikuo 16, mikuo 16 ni mawe 32, mawe 32 ni kugeuza mara 64. Nilikaa usiku mmoja mzima, mvua inanyesha hapa nyumbani na theluji inanyesha kule, nageuza na kusubiri, nageuza na kusubiri. Nilipozipanga zile pete kwenye meza ya duka nikaona ustadi wangu wa uhunzi umepanda, ustadi wa uchawi umepanda, na kila pete niliyouza ikaupandisha Usemi. Kazi moja imelipa mara nne. Zamani watu walifua visu vya chuma kwa mamia ili kupandisha uhunzi, mpaka sasisho la mwaka 2012 lilipofanya ujuzi uhesabiwe kwa thamani ya kitu unachofua. Tangu hapo pete ya 75 inakufundisha kuliko kisu cha 10, na kwa maoni yangu walifanya haki.

Dawa nazo zina utajiri wake. Ua la bluu la mlimani limejaa kandokando ya njia kutoka Riverwood hadi Whiterun, na ngano iko mashambani nje ya lango. Vichanganye, unapata dawa inayorudisha afya na kuiongeza, na mtaji wako ni kuinama tu. Ukiwa na ujasiri, kidole cha mguu wa jitu pamoja na ngano hutoa dawa ambayo chupa yake moja inapita bei ya dirii nzima ya chuma, tena chupa ina uzito wa nusu. Majitu yana kambi zao kwenye nyika ya Whiterun. Msiyaendee mkiwa levo ya tatu. Rungu lake moja linakurusha mawinguni, na wanaocheza hapa wanajua kwamba hayo si maneno ya kupamba.

Wizi nimeuliziwa. Upo, na gemu inauruhusu. Kitu cha wizi mwenye duka wa kawaida hakigusi, unahitaji mpokeaji wa mali za wizi wa mji wa Riften, na kabla hujamfikia una safari ndefu. Mimi sichezi hivyo na sina zaidi la kusema hapo.

Kuhusu kutumia. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Matumizi ya kwanza kabisa ninayoyatetea ni septim 10. Chumba cha kulala kwenye nyumba ya wageni. Ukilala pale, kwa saa 8 zinazofuata ustadi wako wote unapanda haraka zaidi kwa asilimia 10. Kitanda chochote kisicho chako ni asilimia 5. Kitanda cha nyumbani kwako kinakupa 10 kama kile cha kukodi, na ukilala nyumba moja na mwenzi wako ni 15. Watu wanatafuta upanga wa 2,000 na wanashindwa kutoa 10 za kulala. Ukiwa unakwenda kufua pete 31, lala kwanza.

Matumizi ya pili ni Breezehome, nyumba ya Whiterun, septim 5,000, anauza Proventus Avenicci, msimamizi wa Jarl, yaani mtawala wa mji. Ni ghali kwa mgeni, nakubali. Lakini tazameni ilipo: jirani kabisa na Adrianne mhunzi, tanuru na fuawe viko nje ya mlango wako. Na sanduku la nyumbani kwako halipotezi kitu. Mapipa na masanduku mengi ya mitaani hujirudisha upya baada ya muda, na ulichoficha humo kinatoweka. Nimeshuhudia mtoto wa dada yangu akilia kwa ajili ya pipa. Kwa hiyo nyumba hii ni stoo kabla ya kuwa nyumba, na stoo ndiyo inayokutoa kwenye ule mkoba wa 300. Samani zote pamoja zinafika 1,800. Msizinunue siku ile ile! Chumba cha kupikia dawa ni 500, na meza ya dawa ya Arcadia iko pale pale sokoni, anakuachia uitumie bure. Jiko, sebule, dari, vitakuja. Na ile nyumba ya Proudspire ya mji wa Solitude yenye bei ya 25,000 ni nzuri, ina madirisha marefu, lakini inunueni mkiwa hamna tena pa kuipeleka fedha.

Matumizi ya tatu ni walimu. Kila mji una mtu anayefundisha kitu, na unaruhusiwa masomo 5 kwa kila levo. Bei inapanda kadiri unavyojua zaidi, kwa hiyo masomo ya mapema ni ya bei rahisi na ya mwisho ni ya bei ya kuumiza. Wale wanaoniambia wana septim 40,000 zimekaa tu na hawajui wazipeleke wapi, nawauliza: levo iliyopita ulisoma mara ngapi? Mara nyingi jibu ni sifuri. Fedha iliyokaa kwenye mkoba haina uzito, na kwa sababu haina uzito watu wanaisahau. Kila levo unayopanda bila kusoma, nafasi zake tano zimekwenda na hazirudi.

Na matumizi ya nne yanarudi kwenye mlango wetu wa pili. Usemi ukifika 70 unaweza kuchukua pointi ya Mwekezaji. Unampa mwenye duka septim 500, na mtaji wake unaongezeka moja kwa moja. Usemi ukifika 100 ipo pointi inayowaongezea wafanyabiashara wote 1,000 kila mmoja. Yaani fedha yako inamtajirisha Belethor ili Belethor aweze kukulipa. Nilipoielewa hii nilisimama nikatembea chumbani. Kule dukani kwetu bosi wangu huwakopesha mafundi ujenzi sementi mwanzoni mwa kazi, na watu humwona mjinga. Lakini fundi mwenye kazi ndiye anayerudi kununua bati na misumari na rangi.

Kuna na ndoa. Nenda Riften hekaluni, nunua mkufu wa Mara, mungu wa upendo wa huko, kwa 200, uvae, na atakayekupenda atakuambia. Ukishaoana naye, mwenzi wako anafungua duka na kukutengea faida ya septim 100 kwa siku. Ziache zikusanyike, mwulize ukirudi. Mkufu wa 200 umejilipa siku ya pili.

Sasa, ipo mianya. Ipo amri ya kompyuta inayokupa septim laki moja kwa mstari mmoja wa maandishi, na ipo mizunguko ya dawa na uchawi inayotoa tarakimu za ajabu. Simkatazi mtu, gemu ni yako. Nasema tu nilichokiona kwa watu watatu wa karibu yangu: wote waliojipa laki moja waliacha kucheza ndani ya wiki ile ile. Walikuwa wamenunua kila nyumba, wamevaa kila kitu, na hawakuwa na sababu ya kuingia pango lolote.

Na wazazi, hili ni lenu. Fedha za ndani ya gemu hii mtoto anazipata kwa kucheza. Lakini yapo mambo ya nyongeza yanayouzwa kwa fedha halisi, ya kadi na ya simu. Jambo hili halikuanza na Skyrim. Mwaka 2006 kampuni hiyo hiyo iliuza deraya ya farasi katika Oblivion, gemu iliyotangulia, kwa dola 2.50, na watu walilipa. Kabla hujampa mtoto namba yako ya siri, mwambie akueleze kitu hicho kinafanya kazi gani ambayo septim haiwezi kuifanya. Akikueleza vizuri na mnayo, mpeni. Akishindwa, arudi kwenye gogo la Riverwood.

Mdogo wangu pale mlangoni, nimalize na wewe. Ukifika nyumbani usianze kwa Belethor. Fungua mkoba, toa daftari, gawanya thamani kwa uzito, na kila dirii iliyo chini ya 10 iuze kwa Adrianne kwanza, huyo ndiye mwenye mtaji mkubwa na yuko njiani kwako. Ukiwa hapo mnunulie mawe yake ya chuma, atapata hela ya kununua na zile shoka zako. Dawa mpelekee Arcadia, chukua ngano na mitishamba. Kwa Belethor peleka vito peke yake. Halafu lala chumba cha septim 10 pale Bannered Mare, na asubuhi yako uelekee kaskazini, Halted Stream.

Laptop yangu iko meza ya nyuma na umeme upo. Aliyekuja na sevu yake kwenye flashi aje tuifungue pamoja, tuanze na wewe.